Mufasiri wa Watoto wa Vipara

Mimi mtu huyo sikumwamini tangu siku ya kwanza, na niseme wazi kwamba hata leo simwamini sana. Mtaa wetu wote hapa Mangobo ulimpenda. Walimwita Mufasiri, wakubwa kwa wadogo, na sijawahi kusikia akiitwa jina lingine. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya televisheni katika ciné yetu ya mbao, fimbo mkononi, na kutuambia kwa Swahili watu wa kwenye filamu wanasema nini. Filamu zilikuja kwa Kichina, kwa Kiingereza, kwa lugha ambazo hata majina yake hatuyajui, na yeye zote alizifahamu. Zote! Mtu anajua lugha zote za dunia, halafu viatu vyake vimefungwa kwa waya. Wewe ungeamini?

Kazi yangu ni mikate, hii midogo ya mviringo tunayoikaanga kwa mafuta. Kikaango changu kipo chini ya bati, mgongo wangu umeegemea ukuta wa ciné. Kwa hiyo kwa miaka mingi filamu sikuziona, nilizisikia tu kupitia mbao. Mufasiri namjua kwa masikio zaidi ya macho, na masikio yangu si mabaya. Muuza mikate lazima asikie mafuta yanasema nini kabla mkate haujaungua.

Sauti yake, hapo sitamnyima haki yake, ilikuwa kitu. Alikuwa mwanamke, alikuwa mzee, alikuwa mbwa, alikuwa mlango unaofungwa kwa hasira. Groupe, ile jenereta ya umeme, ikizimika katikati ya filamu, yeye aliendelea tu gizani, na watu hawakutoka. Walikaa kwenye mabenchi yao, macho kwenye televisheni nyeusi, wakilia na kucheka. Siku moja alipotoka kupunga hewa nikamshika.

"Papa, umeme ilikufa. Ulikuwa unafasiri nini?"

Hakustuka hata kidogo. Akasema, "Mama, miye nilikuwa mbele ya filamu kidogo."

Basi nikajua nina mtu wa kuchunga.

Alikuwa na tabia zake. Kila siku alinunua mkate mmoja, mmoja tu, akautafuna macho yamefumba, polepole, utadhani ametumwa na serikali kuupima. Mimi namsubiri. Mwisho namuuliza, "Iko muzuri?" Naye anajibu neno lile lile: "Bado." Miaka yote, bado. Mwenye ciné aliponunua televisheni mpya, pana, akamwita aione kabla ya mtu yeyote, Mufasiri aliizunguka, akaigusa mgongo, akasema bado. Mke wa jirani yetu alijifungua mapacha, wazuri, wanono, tukaenda kuwaona. Yeye akawatazama mmoja mmoja akasema bado. Mama mzazi almanusura amrushie kikombe.

Na mtu huyo huyo aliyeshindwa kulisifu hata jua likichomoza, ndiye aliyekuwa akivua kofia akipita mbele ya mama mkwe wangu, kila mara, hata mvua ikinyesha. Vijana wenye misuli walioleta sigara ndani aliwashika masikio akawatoa nje. Lakini ukimkuta sokoni anaogopa mabata. Nasema kweli, bata akipiga mabawa yeye anahama njia. Sasa mtu wa namna hiyo unamweka fungu gani?

Kichina chake alidai alikipata kwa Wachina waliokuwa wakitengeneza barabara upande wa Bengamisa. Alibeba kokoto pale, akasikiliza, akashika. Inawezekana. Shemeji yangu naye alibeba kokoto pale pale, akarudi anajua neno moja tu, tena haliwezi kusemwa mbele ya watoto.

Filamu iliyompa jina ni ile tuliyoiita Watoto wa Vipara. Kila Jumamosi mchana ilirudishwa, na kila Jumamosi ciné ilijaa. Ni hadithi ya watoto wa shule moja maskini chini ya mlima, wote wamenyolewa, wote wamevaa kanzu za kijivu. Kuna mnene asiyeweza kuruka, kuna mwenye miwani, kuna ndugu wawili waoga, na kuna kadogo mmoja ambaye teke lake kila mara linakosa. Ng'ambo ya mto kuna shule kubwa, sare safi, viatu, baba zao wakubwa wa mji. Shule kubwa inawacheka. Wale maskini wana mwalimu mmoja tu, mzee anayepika vidonge vya unga kwa mvuke, na huyo mzee anawafundisha kung-fu ili siku ya mashindano wasiaibike. Hamna damu, hamna mtu anakufa. Hata walimu wa dini waliruhusu watoto waende.

Bon. Kwenye filamu hiyo, watoto wakimwita mzee wao wanapiga kelele, "Sifu! Sifu!" Hilo kila mtu alilisikia kwa masikio yake, hata mimi nyuma ya ukuta. Na Mufasiri akatufasiria hivi: wanamwomba awasifu. Akasema Wachina wana maneno mengine sawa na yetu, biashara ya zamani hiyo. Ndiyo kusema filamu nzima ikawa ni watoto wanaomlilia mzee mmoja mkaidi awasifu, na mzee hataki. Wanabeba maji, "Sifu!" Anasema bado. Wanasimama mguu mmoja mpaka wanaanguka, "Sifu!" Bado. Mpaka siku ya mashindano, kadogo anapiga teke, safari hii halikosi, na mzee anafungua mdomo anasema, "Leo nawasifu." Hapo ciné ilikuwa inalia yote. Nilikuwa nasikia mpaka makamasi.

Mimi sikupenda. Kwetu, sisi ambao wazee wetu walikuja huku na biashara na msahafu, mtoto hasifiwi usoni. Ukimsifu mtoto mbele ya watu unamwitia jicho. Unasema mashallah kimoyomoyo, unampa chakula, basi. Sasa mtu anakuja kuwafundisha watoto wa mtaa mzima kudai sifa kwa kelele! Walianza kumfuata njiani, kundi zima, "Sifu! Sifu!" wakimwonyesha mateke yao, naye anawatazama kwa uso wa jaji, anasema bado, wanakimbia wakicheka kwenda kujaribu tena. Nikajiuliza, huyu anatafuta nini kwa watoto wa watu?

Tena kulikuwa na jambo la mikate. Vile vidonge vya unga vya mzee wa kwenye filamu, yeye alivifasiri kuwa ni mikate. Watoto wakitoka pale wote wanataka mikate. Niliuza vizuri, sikatai, lakini nikamshuku zaidi. Mtu akikufanyia wema ambao hukumwomba, mwangalie mikono.

Sasa nifike kwa binti yangu, maana bila yeye yote haya yangekuwa ya kuchekesha tu. Salima ndiye mtoto wangu pekee. Mguu wake wa kushoto ni mwembamba, ugonjwa wa utotoni, na akitembea nyonga inapanda na kushuka. Watoto wa barabarani walimpa jina: Toleka ya Pneu Moja. Toleka ni zile baiskeli zetu za kubeba watu. Sasa fikiria baiskeli ya gurudumu moja. Walimwita hivyo asubuhi akienda shule, walimwita hivyo akirudi, mpaka akaacha kuongea nje ya nyumba. Alikuwa anakaa karibu na kikaango, mgongo kwenye ukuta kama mimi, kimya, anasikiliza. Nilikuwa na hofu moja tu maishani, kwamba mtoto huyu atanyamaza hivyo hivyo mpaka awe mtu mzima, na mimi nikishakufa hakuna atakayejua kama ana njaa au anaumwa.

Jumamosi moja nikageuka kuchukua unga, nilipogeuka tena Salima hayupo. Niliita, hamna. Nikaacha mafuta yanachemka, nikaingia ciné kwa mabega. Nikamkuta mbele kabisa, amekaa kwenye gunia karibu na televisheni, chini ya fimbo ya Mufasiri. Hakulipishwa kitu.

Nikamvuta nje, na huyo mwanaume nikamvuta pia, kwa shati.

"Papa, huyu mutoto alikupa nini mpaka aingie?"

"Hapana kitu, Mama."

"Basi unamutakia nini?"

Akasema, "Sauti."

Haki ya Mungu nilichukua kijiko cha kukaangia. Naye akarudi nyuma, akaonyesha koo yake. Akasema koo inaisha, sauti za watoto hazimpandi tena, anapoiga watoto anatoa sauti ya mbuzi. Akasema, "Minamusikiaka kila siku nyuma ya mbao. Anasemaka maneno yote ya filamu polepole, mbele yangu. Weye haumusikiake?"

Sikuwa nimesikia. Mimi mwenye masikio mazuri! Hilo lilinikera kuliko yote.

Nikamwekea sharti. Ubao ulio karibu na kikaango changu utoke, ili nimwone mwanangu wakati wote, na nimwone yeye mikono yake iko wapi. Nilidhani atakataa, na akikataa nimepata jibu langu. Akaenda akaomba nyundo, akaung'oa ubao mwenyewe mbele ya mwenye ciné aliyekuwa anapiga kelele. Toka siku hiyo nikakaanga mikate nikiwa na dirisha. Nilimwona Salima, niliiona fimbo, niliona na pembe ya televisheni. Mikono ya Mufasiri niliichunga mchana baada ya mchana. Sikuona baya. Hilo nalo likanitia wasiwasi, maana mtu asiyekosea hata kidogo anajua anachungwa.

Na mwanangu akaanza kupiga kelele. Mara ya kwanza aliposema "Sifu!" mbele ya ciné iliyojaa, niliunguza mikate ya kikaango kizima. Sauti ilitoka kubwa, safi, haikutetemeka. Sikuijua. Mufasiri alisema ya mzee, Salima akasema ya watoto wote, na watu wakasahau kwamba kuna mtu yeyote anafasiri.

Wiki chache baadaye akiwa anatoka shule, wakamwita jina lao. Niliyasikia haya kwa jirani. Salima akasimama, akawaambia, "Toleka maana yake tupite. Basi mupite." Na wale watoto wakapita. Jirani alinisimulia huku akijipiga mapaja. Mimi nilisema mashallah kimoyomoyo, nikampa Salima samaki mkubwa usiku huo. Kwa mdomo sikusema neno.

Kuna jambo lingine nililisikia wakati huo, na nililiweka akilini kama ushahidi. Zamani, kabla Salima hajaingia, Mufasiri alikuwa akisema "yule kijana kadogo, mwana wa mjane". Nilisikia kwa miaka. Toka Salima akae kwenye gunia, ikawa "yule binti kadogo". Filamu ile ile, kipara kile kile, teke lile lile. Nikasema, umeona? Mwongo huyu. Siku moja nitamkamata nalo hadharani.

Sikuwa mimi niliyemkamata. Mdogo wa mwenye ciné alikuwa anafanya kazi Makiso, kwenye duka la simu, akaleta Watoto wa Vipara kwa Kifaransa. Kifaransa kamili, kila mtu kwenye filamu anaongea mwenyewe. Akaleta na baffle mbili, vile vipaza sauti vikubwa. Jumamosi hiyo waliokaa mbele ni vijana wa shule za sekondari na wazazi wao. Mufasiri alikaa nyuma, kofia magotini, fimbo imeegemea ukuta, Salima kando yake.

Kifaransa changu ni cha sokoni, lakini kilitosha. Pale pa sifu watoto walisema maître, kumbe sifu ni mwalimu tu. Watoto walikuwa wanamwita mwalimu wao, basi, wala hawaombi kitu. Na yule mzee mkaidi, kumbe tangu mwanzo ana maneno matamu, anawaambia bravo, bravo mes petits, wakimwaga maji bravo, wakianguka bravo. Watu wakaanza kucheka. Kijana mmoja akageuka akapiga kelele, "Mufasiri, na ile bado yako uliitoa wapi?" Ciné ikavunjika mbavu.

Halafu akaja kadogo. Wakasema il, yeye wa kiume. Il na il, na mwalimu akamwita mon garçon. Katika Swahili yetu ukisema yeye hujasema kama ni mwanamume au mwanamke, Kifaransa hakikuachii njia hiyo. Mtu akasema kwa sauti, "Kumbe ule binti iko mwanaume!" Wakacheka tena, na baadhi walimtazama Salima.

Salima alitoka. Alikuja akakaa karibu na kikaango, mahali pake pa zamani, mgongo ukutani. Hakulia. Akasema, "Mama, iko mwanaume," akanyamaza. Hofu yangu ikarudi yote kwa mpigo mmoja.

Mufasiri alipotoka nilimsimamia njiani. Nilimwambia mbele ya watu kwamba mimi nilijua, nilijua tangu mwanzo, na kama alitaka kudanganya angewadanganya wakubwa, wakubwa wamezoea. Nilimwambia amemnyanyua mwanangu juu ili aanguke vizuri. Alisikiliza mpaka nikamaliza. Akavua kofia, kwangu safari hii, akachukua fimbo yake, akaenda. Mkate wake wa siku hiyo hakununua.

Hatukumwona tena. Wengine walisema yuko Yanonge, anaita abiria kwenye mitumbwi mikubwa ya mashini. Wengine walisema yuko kwa Wachina. Mtu mmoja aliapa kwamba alikuwa mpelelezi toka siku nyingi. Hilo hata mimi nilikataa, maana mpelelezi anayeogopa bata atapeleleza nini?

Kifaransa kilidumu msimu mmoja. Wakubwa walishaiona filamu, wakachoka. Wadogo hawakujua Kifaransa, na walitaka mzee wao mkaidi arudi. Wakija Jumamosi walianza kuita wenyewe, "Sifu! Sifu!" na kule kwenye filamu mzee anawajibu bravo, nao wanapiga kelele, "Hapana! Sema bado!" Mwenye ciné akaja kwangu, sauti ya chini, akaomba Salima. Nikamwambia amwombe mwenyewe. Salima akafikiri siku nzima. Kisha akasema atafasiri, lakini baffle zizimwe, na kadogo atabaki binti.

"Watu wanajua si binti," nikamwambia.

"Banajua," akasema. "Lakini mu Swahili nafasi iko."

Basi sasa ndiye anayesimama pale, kwenye gunia lile lile, fimbo ya kwake ya mwanzi. Nyonga inapanda na kushuka akitembea mbele ya televisheni na hakuna anayetazama nyonga.

Mufasiri alirudi mchana mmoja wa Jumamosi, mwaka huu. Nilikuwa nageuza mikate, nikaona viatu vyenye waya. Amekonda. Shingoni amefunga kitambaa, na alipoomba mkate wake, sauti ilikuwa upepo tu, ilibidi niiname. Nikampa. Ndani Salima alikuwa amefika kwenye kubeba maji. Mufasiri akakaa kwenye ndoo yangu iliyopinduliwa, nyuma ya ukuta, mahali ambapo kupitia dirisha lile la ubao asingeonekana.

Sikutaka kumpa nafasi ya kupumzika. "Papa, unijibu leo. Ulijua sifu ni mwalimu?"

Akasema alijua. Mchina wa barabarani alimwambia. "Lakini siku nilijua, batoto balikuwa bamesha kulia," akasema. "Ningebaambia nini? Kwamba hapana mutu analilia kitu?"

"Na kadogo?"

Akatafuna. "Mama, Swahili iliniachia mulango. Miye niliingiza mutoto wako."

Nilimtazama vizuri. Nilitafuta ule uongo usoni mwake, kwa sababu mimi ni mimi. Sijui kama niliuona. Ndani Salima akapandisha sauti, sauti ya mzee, mara ya watoto, mara ya mzee, na watoto wote wa ciné wakaitikia bado. Mufasiri alifumba macho. Vidole vyake vilikuwa vinapiga goti, anafuata maneno. Alisikiliza mpaka mashindano yalipoanza, kisha akasimama.

"Iko muzuri?" nikamuuliza, na safari hii sikuulizia mkate.

Akafikiri. Akatikisa kichwa. "Anakimbilia mwisho," akasema. "Bado."

Ee, nilitaka kumpiga! Mtoto ametoka kimya cha kaburi mpaka pale, na wewe uliyemtoa unasema bado? Lakini alishaondoka, anakwenda upande wa mto kwa hatua zake ndogo, akimzungukia bata wa jirani kwa mbali.

Filamu ikaisha. Salima akatoka mbio, nyonga juu nyonga chini, jasho usoni. Mtu alikuwa amemwambia.

"Mama, alikuwa hapa? Mufasiri?"

"Alikuwa."

"Alinisikia?"

"Alisikia yote."

Akasimama mbele yangu, kijiti cha mwanzi mkononi, na hakuuliza lililobaki. Alisubiri tu, macho yake kwenye mdomo wangu. Nikasema mashallah moyoni, nikaisema mara mbili, kwa usalama. Halafu nikaweka kijiko chini.

"Alisema umefanya vizuri sana," nikamwambia. "Alisema hajasikia mtu anafasiri hivyo. Alisema anakusifu, leo, yeye mwenyewe."

Salima ni mwanangu, kwa hiyo hakuamini haraka. Alikunja uso, akanitazama kama ninavyowatazama watu mimi.

"Sauti yake iko imekufa, banasema. Alisema vile kwa luga gani?"

"Kwa luga yake," nikamjibu. "Mimi ndiye nimekufasiria."